Susana Baca: Wimbo uliotangulia uwaziri

Serikali mpya zinapoingia madarakani, hususan katika nchi zilizowahi kutawaliwa na wageni, aghalabu husikika ahadi ileile: utamaduni wa taifa utalindwa. Wizara huundwa, waziri huapishwa, hotuba husomwa, na ngoma huchezwa mbele ya wageni wa heshima. Kisha miaka hupita, wazee wanaozijua nyimbo hufariki mmoja baada ya mwingine, na hotuba hubaki makabatini. Swali ninalotaka kulijadili leo ni jepesi kuuliza ingawa ni zito kujibu. Utamaduni wa watu waliodharauliwa hulindwa na nani hasa? Je, ni waziri mwenye bendera kwenye gari lake, au ni mwalimu mwenye daftari na kinasa sauti?

Ili tulichunguze swali hili, nimemchagua mwanamke mmoja wa Peru, Susana Baca, kwa sababu yeye amekuwa yote mawili. Alisomea ualimu, akafundisha, akawa mwimbaji na mtunzi, akakusanya nyimbo za watu wake, na alipokuwa na umri wa miaka 67 akateuliwa waziri wa utamaduni. Ni nadra mtu mmoja kuyapitia mambo hayo yote, na ni nadra zaidi tuweze kuyapima na kuona ni lipi lililozaa matunda.

Mtu akitaja Peru, wengi wetu hukumbuka milima ya Andes, magofu ya Machu Picchu na dola ya Wainka. Picha hiyo si ya uongo, lakini ina upungufu mmoja mkubwa: haina mtu mweusi. Ilhali Waafrika walifika huko pamoja na Wahispania katika karne ya 16, wengi wao wakiwa katika minyororo. Walitumikishwa katika mashamba ya miwa, pamba na mizabibu yaliyo pwani, na katika majumba ya matajiri wa Lima. Rais Ramón Castilla alipotangaza kufutwa kwa utumwa mwaka 1854, serikali iliwalipa fidia mabwana kwa kuwapoteza watumwa wao. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu kwa jasho lao.

Baada ya hapo walisahauliwa hata katika hesabu. Sensa ya mwaka 1940 iliuliza watu kuhusu rangi na asili yao, kisha swali hilo likatoweka katika sensa za taifa hadi mwaka 2017. Katika sensa hiyo ya 2017, Waperu zaidi ya 800,000, yaani takriban asilimia 3.6 ya wenye umri wa miaka 12 na zaidi, walijitambulisha kuwa wenye asili ya Kiafrika. Kwa muda wa miaka 77, basi, taifa halikujua idadi yao kwa sababu halikutaka kuuliza. Mtu asiyehesabiwa huwa vigumu kumwandika katika vitabu vya shule, na asiyeandikwa katika vitabu vya shule huonekana mgeni hata katika nchi aliyozaliwa.

Susana Baca alizaliwa Lima tarehe 24 Mei 1944, akakulia Chorrillos, mtaa wa wavuvi ulio kando ya bahari ya Pasifiki, kusini mwa jiji. Baba yake alipiga gitaa, na mama yake alimfundisha kucheza ngoma za kwao. Hivyo basi, muziki haukuwa kwake somo la kuazimwa kutoka maktaba. Ulikuwa jambo la nyumbani, kama chakula na mazungumzo ya jioni. Hata hivyo, alipofikia umri wa kuchagua kazi hakuchagua jukwaa. Alijiunga na chuo kikuu cha elimu cha taifa kiitwacho Enrique Guzmán y Valle, maarufu kwa jina la La Cantuta, akahitimu kuwa mwalimu.

Naomba tusimame kidogo katika jina hilo la La Cantuta, kwani lina uzito wake katika historia ya Peru. Mnamo Julai 1992, katika vita vya serikali ya Alberto Fujimori dhidi ya waasi wa Sendero Luminoso, kikosi cha siri cha wanajeshi kiliingia chuoni humo usiku, kikawachukua wanafunzi tisa na mhadhiri mmoja, na kuwaua. Mwaka 2009 mahakama ilimhukumu Fujimori kifungo cha miaka 25 kwa mauaji hayo na maovu mengine. Nayataja haya ili msomaji aelewe kwamba kazi ya kukusanya kumbukumbu katika nchi ile haikufanywa kivulini penye utulivu. Mwaka huohuo wa 1992 ndipo Susana Baca alipotoa kitabu chake kuhusu muziki wa watu weusi wa Peru. Damu ilikuwa ikimwagika, uchumi ulikuwa umeanguka, na yeye alikuwa akiandika majina ya wapigaji gitaa wa vijijini.

Lakini nisiruke hatua. Kabla yake walikuwapo waliofyeka njia. Mwaka 1956 msomi José Durand aliunda kundi la Pancho Fierro, lililoonyesha ngoma za watu weusi katika ukumbi wa manispaa ya Lima. Mwaka 1958 mshairi Nicomedes Santa Cruz na dada yake Victoria walianzisha kundi la Cumanana. Mwaka 1969 Ronaldo Campos akaunda Perú Negro. Victoria Santa Cruz ndiye aliyetunga shairi mashuhuri kuhusu msichana mdogo anayezomewa kwa rangi yake, ambaye mwishowe analichukua neno lile alilotukanwa na kulivaa kama taji. Shairi hilo lilitokana na mambo yaliyompata utotoni. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mtoto akiadhirishwa na wenzake kwa sababu ya asili yake ataelewa ni kwa nini shairi hilo halijazeeka.

Susana Baca aliingia katika mkondo huo kwa njia yake mwenyewe. Pamoja na kufufua ngoma, alitaka kuoanisha mashairi ya washairi wakubwa na midundo ya watu wake. Mtu aliyemwona na kumthamini alikuwa Chabuca Granda, mtunzi aliyesifika kuliko wote mjini Lima katika wakati wake. Chabuca alimchukua kuwa msaidizi wake na akamfungulia njia ya kurekodi santuri. Mambo yalipokuwa karibu kuiva, Chabuca akafariki mwaka 1983, na mpango ule ukafa pamoja naye. Makampuni ya muziki ya Lima hayakuwa na haja na mwanamke mweusi aliyeimba polepole, kwa sauti ya chini, maneno ya washairi.

Mwanafunzi anayesoma makala haya na ajiulize: yeye angefanya nini? Wengi wangebadili mtindo wapendeze soko, au wangeacha. Susana Baca alichukua njia ya tatu. Yeye na mumewe, Ricardo Pereira, mwanasosholojia kutoka Bolivia, walianza kusafiri katika pwani ya Peru wakiwatafuta wazee. Walirekodi nyimbo, wakaandika masimulizi, wakauliza ngoma fulani ilichezwa lini na kwa sababu gani. Matokeo yake yalikuwa kile kitabu cha 1992, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa ‘Kutoka Motoni na Majini’, na taasisi waliyoianzisha Chorrillos mwaka huohuo kwa jina la Negro Continuo, ili vijana wapate mahali pa kujifunza.

Walichokikuta katika safari hizo ni ushahidi wa akili ya watu walionyimwa kila kitu. Chukua ala zao. Cajón ni sanduku la mbao tu. Mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja upande wa mbele. Wengi husimulia kwamba watumwa walilibuni baada ya kunyang'anywa ngoma zao. Wengine huona kwamba lilitokana na masanduku ya mizigo yaliyotupwa. Vyovyote iwavyo, kitu kilichokuwa takataka kwa bwana kiligeuka ala. Taya la punda, likikaushwa hadi meno yakalegea, huwa kayamba. Kisanduku cha sadaka cha kanisani, chenye kifuniko, huwa ala ya kugonga. Huko Zaña, kaskazini mwa nchi, kibuyu kikubwa hufanya kazi ya ngoma. Leo cajón hupigwa hata katika muziki wa flamenko wa Uhispania, baada ya Paco de Lucía kuichukua kutoka Peru mwishoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Peru ilikuja kuitangaza ala hiyo kuwa urithi wa taifa mwaka 2001. Tazama mpangilio huo, msomaji: watu walibuni, wageni wakapenda, ndipo serikali ikatambua.

Mpangilio uleule ulijirudia kwa Susana Baca mwenyewe. Mwanamuziki David Byrne wa New York alikuwa akijifunza Kihispania, na mwalimu wake akamwonyesha filamu fupi ya Susana akiimba ‘María Landó’. Huo ni wimbo uliotokana na shairi la César Calvo na muziki wa Chabuca Granda, unaohusu mwanamke mfanyakazi ambaye siku nzima humpita bila nafasi ya kuishi, kwa kuwa yote ni kazi, tena ni kazi ya mtu mwingine. Byrne aliuweka wimbo huo katika mkusanyo wa muziki wa Waperu weusi uliotolewa mwaka 1995. Susana Baca alikuwa amekwisha kutimiza miaka 50. Albamu zikafuata: iliyobeba jina lake mwaka 1997, kisha Eco de Sombras mwaka 2000. Mwaka 2002 akatunukiwa tuzo ya Latin Grammy kwa Lamento Negro, kazi aliyoirekodi nchini Kuba katika miaka ya 1980 na ambayo ilikuwa imelala muda mrefu bila kusikika.

Wapo wanaoikosoa safari hii, na si haki kuwapuuza. Hoja yao ya kwanza ni kwamba muziki huu si wa kale kama unavyodaiwa. Ngoma kadhaa, ukiwamo mtindo wa landó, zilikuwa zimebaki vipandevipande tu katika kumbukumbu za wazee, na wasanii wa Lima wa miaka ya 1950 hadi 1970 ndio waliounganisha vipande hivyo. Nicomedes Santa Cruz alishikilia kwamba landó ilitokana na lundu ya Angola. Watafiti wengine hawajaridhika na ushahidi wake. Hoja ya pili ni kwamba Susana Baca aliulainisha muziki wa jasho na vumbi ili umezeke na wasikilizaji wa majumba ya fahari ya Ulaya na Marekani.

Kuhusu hoja ya kwanza, naona kwamba kujenga upya si kosa, mradi fundi aseme wapi ukuta wa zamani unaishia na wapi matofali mapya yanaanzia. Watu waliotenganishwa na lugha zao, wakauzwa mbalimbali, hawawezi kudaiwa hati kamili za urithi wao; anayewadai hati hizo huwaadhibu mara mbili. Kosa lingekuwa kuficha. Na thamani ya kazi ya Susana Baca na mumewe ni kwamba waliwasikiliza wenye kumbukumbu na kuweka walichosikia katika maandishi, ambapo mtafiti mwingine anaweza kukipima.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba wimbo unaoimbwa ukumbini si sawa na wimbo unaoimbwa shambani. Lakini tuulize pia: kabla ya ukumbi wa New York, ukumbi wa Lima ulikuwa wapi? Aibu, kwa maoni yangu, haimwangukii mwimbaji aliyekwenda alikoitwa. Inaiangukia nyumba yake iliyokuwa na milango iliyofungwa. Nabii hakosi heshima isipokuwa kwao, na msiba wa nchi nyingi zilizotawaliwa ni kwamba husubiri mgeni ausifu mti wao ndipo waanze kuumwagilia maji.

Sasa tufike kwenye uwaziri. Wizara ya Utamaduni ya Peru iliundwa mwaka 2010. Rais Ollanta Humala alipoapishwa tarehe 28 Julai 2011, alimkabidhi Susana Baca wizara hiyo. Alikuwa mtu wa pili kuiongoza, na vyombo vya habari vilimtaja kuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa waziri katika Peru huru. Ishara hiyo haikuwa ndogo. Ni mnamo Novemba 2009 tu ndipo serikali ya Peru ilipowaomba radhi rasmi raia wake wenye asili ya Kiafrika kwa dhuluma walizotendewa, na sasa mmoja wao alikuwa ameketi katika baraza la mawaziri. Novemba hiyo ya 2011 alichaguliwa pia kuongoza kamati ya utamaduni ya Shirika la Mataifa ya Amerika.

Hata hivyo, ishara ni jambo moja na utawala ni jingine. Wizara aliyokabidhiwa haikuwa ya nyimbo na majumba ya makumbusho peke yake. Ndani yake mlikuwamo idara inayoshughulikia mahusiano ya jamii mbalimbali, ikiwa ni pamoja na wenyeji wa Amazoni na Andes. Mnamo Septemba 2011 Rais Humala alitia sahihi sheria inayoitaka serikali kushauriana na jamii hizo kabla ya kuidhinisha miradi inayogusa haki zao. Kwa hiyo wizara changa, isiyo na mizizi, ilitwishwa suala la ardhi, maji na madini, ambalo ndilo suala kali kuliko yote katika siasa za Peru. Wakosoaji nao walimlaumu waziri kwa kuendelea na maonyesho ya ng'ambo aliyokuwa ameahidi kabla ya kuteuliwa. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Wizara si kazi ya nusu siku.

Kilichomwondoa, lakini, hakikuwa wimbo. Ilikuwa dhahabu. Wakazi wa Cajamarca walipinga mradi wa mgodi wa Conga wakihofia maziwa yao ya milimani, ghasia zikazuka, serikali ikatangaza hali ya hatari, na mnamo Desemba 2011 Waziri Mkuu Salomón Lerner akajiuzulu pamoja na baraza lake. Baraza jipya lilipotangazwa, jina la Susana Baca halikuwamo. Alikuwa amehudumu kwa muda usiotimia hata miezi mitano.

Hapa ndipo penye fundisho ninalolikusudia. Hebu tuweke mizani. Katika upande mmoja tuweke miezi hiyo isiyotimia mitano ya ofisi, katibu, gari na mkutano. Katika upande wa pili tuweke miaka mingi ya vumbi la vijiji vya pwani. Ule upande wa kwanza uliondoka kwa upepo wa mgogoro wa madini ambao haukuhusiana na kazi ya mwimbaji huyo. Upande wa pili haukuweza kuondolewa na rais yeyote. Waziri hufutwa kwa tangazo la redio, lakini wimbo uliokwisha kufundishwa kwa mtoto haufutiki kwa tangazo.

Naye hakulia wala kulalamika. Wimbo ‘Latinoamérica’, alioshirikiana na kundi la Calle 13 la Puerto Rico, ulimletea tuzo nyingine ya Latin Grammy katika mwaka uleule wa 2011. Amejenga kituo cha kumbukumbu katika kijiji cha Santa Bárbara, huko Cañete, kusini mwa Lima, eneo la mashamba ya zamani ambako wazazi na mababu wa Waperu wengi weusi walitoka. Janga la korona lilipofunga dunia mwaka 2020, alirekodi nyumbani albamu ya sauti bila mapambo mengi, nayo ikatuzwa Latin Grammy mwaka huohuo. Mwaka 2021, akiwa na miaka 77, akatoa Palabras Urgentes, yaani maneno ya dharura, yenye kuzungumzia ukosefu wa haki katika nchi yake. Mtu aliyekuwa akitafuta cheo angepumzika baada ya kukipata na kukipoteza. Yeye alirudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla ya cheo.

Je, nadai kwamba serikali haina wajibu? Hasha. Sensa ya 2017 ilihitaji serikali. Ombi la radhi la 2009 lilihitaji serikali. Mtaala wa shule unaowataja Waafrika wa Peru kama raia, si kama mizigo ya meli, hauwezi kuandikwa na mwimbaji peke yake. Ninachodai ni kwamba serikali haiwezi kulinda kisichokusanywa, wala haiwezi kukusanya kwa amri. Kwanza lazima awepo mtu aliyekwenda kuketi na mzee, akavumilia ukimya wake, akarudi siku ya pili. Wizara iliyo bora ni ile inayomkuta mtu huyo kazini na kumpa nauli, karatasi na hifadhi. Iliyo mbaya ni ile inayomng'oa kazini, ikamweka kitini kama pambo, kisha ikamwangusha pamoja na kiti.

Walimu wa humu nchini ambao kila mwaka hutayarisha nyimbo za kiasili kwa mashindano ya muziki ya shule wana njia ya kulipima hili wenyewe. Wimbo ukiisha kuletwa shuleni, ukaimbwa, ukapata alama, je, jina la mzee aliyeutoa limeandikwa mahali? Maana yake na wakati wa kuimbwa kwake vimehifadhiwa? Au vazi likivuliwa na basi likirudi, kila kitu kimeisha? Kwa wanafunzi nasema: msidhani kwamba utafiti ni kazi ya maprofesa pekee. Daftari la shilingi chache na bibi aliye hai vinatosha kuanzia.

Susana Baca hakuanza na zaidi ya hivyo. Alikuwa na elimu ya ualimu, sauti, na watu ambao nchi yao ilikuwa imeacha kuwahesabu. Akawasikiliza kabla ya kuimba. Mawaziri wengi wa utamaduni wamepita mjini Lima tangu Desemba 2011, na si rahisi hata kwa Waperu kuyakumbuka majina yao yote. Jina la yule mwalimu wa Chorrillos wanalikumbuka, na sababu yake haimo katika hati ya uteuzi.